Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: somo kutoka kituo cha kupimia injini za roketi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, mniwie radhi. Leo nina hadithi ya roketi, lakini kwanza niwaeleze inanihusu vipi mimi ninayeandika programu hapa Nairobi, na ambaye sijawahi kusimama karibu na moto mkubwa kuliko wa jiko la makaa.

Jumatatu ijayo anaingia mfanyakazi mpya katika timu yetu. Amemaliza chuo kikuu juzi tu. Mkubwa wangu ameniambia, "Wewe utamkaribisha." Nikasema sawa, kisha nikarudi mezani nikajiuliza: nitamwambia nini hasa?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikaribishwa vibaya. Katika kazi yangu ya kwanza, katika kampuni ambayo sitaitaja, nilipewa tarakilishi, nywila, nikaonyeshwa choo na mahali pa chai. Basi. Wiki ya tatu nikaachiwa zamu ya jioni, niendeshe programu ya kutuma ujumbe mfupi kwa wateja. Ilikwama katikati, nikaianzisha upya. Ikakwama tena, nikaianzisha tena. Nisilojua ni kwamba mwenzangu, alipokuwa akitafuta hitilafu fulani, alikuwa ameizima ile sehemu ya msimbo inayokagua kama mteja ameshatumiwa ujumbe. Hakuiwasha. Akaenda likizo. Kwa hiyo kila nilipoianzisha, programu ilianza upya kutoka kwa mteja wa kwanza. Kuna mama mmoja alipata ujumbe ule ule mara kumi na moja, saa tano za usiku, akapiga simu kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Nililaumiwa mimi. Kiasi fulani nilistahili. Lakini miaka kadhaa baadaye nilisoma kuhusu jambo lililotokea Marekani tarehe 28 Mei 1966, nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Ilikuwa hadithi yangu mimi, ila badala ya ujumbe mfupi kulikuwa na tangi la roketi ya kwenda mwezini.

Sisi Wakenya tukisikia roketi wengi tunakumbuka Malindi, kwenye majukwaa ya San Marco baharini, ambako Waitaliano walirusha roketi kati ya 1967 na 1988. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru iliondoka pale tarehe 12 Desemba 1970. Malindi palikuwa mahali pa kurushia. Leo nazungumzia mahali pa aina nyingine, ambapo roketi haiendi popote. Inafungwa kwa vyuma kwenye jukwaa kubwa, inawashwa, inanguruma kwa nguvu zake zote, na lengo zima ni ibaki pale pale. Ni kama fundi wa magari anayeitoa injini, akaifunga kwenye fremu na kuiwasha kabla ya kuirudisha garini. Kama kitu kitaharibika, basi kiharibike hapa, mahali ambapo unaweza kukifungua na kukitazama, kisiharibikie huko juu na watu wamo ndani.

Kituo hicho kiko kusini mwa jimbo la Mississippi, kando ya mto Pearl, si mbali na New Orleans. Siku hizi kinaitwa Stennis Space Center. Mwanzoni hapakuwa na kituo. Palikuwa na vijiji.

Mei 1961 Rais John Kennedy alitangaza kwamba Marekani itampeleka mtu mwezini kabla ya muongo ule kwisha. Roketi iliyohitajika, Saturn V, ilikuwa kubwa mno. Hatua yake ya kwanza ilikuwa na upana wa mita 10 na urefu wa mita 42. Mzigo wa namna hiyo hupitishi barabarani, unaubeba kwa tishali majini. Basi NASA ilitafuta mahali penye maji ya kufikika kwa tishali, karibu na kiwanda chao cha Michoud kule New Orleans, na penye watu wachache. Tarehe 25 Oktoba 1961 wakatangaza kwamba wamepapata.

"Watu wachache" si sawa na "hakuna watu." Palikuwa na Gainesville, Logtown, Santa Rosa, Napoleon na Westonia. Zaidi ya familia 600 ziliambiwa zihame. Tarehe 1 Novemba 1961 Seneta John Stennis alifika Logtown, akasimama mbele ya umati shuleni na kuwaomba watoe mashamba yao kwa ajili ya taifa. Walilipwa fidia, lakini hakuna fidia inayohamisha kijiji pamoja na kanisa lake, duka lake na mti ambao babu alikuwa akikaa chini yake. Makaburi yalibaki. Hata leo kuna watu wanaoingia katika msitu ule kuzuru makaburi ya wazee wao.

Kwa nini eneo kubwa hivyo? Jibu ni sauti. Kituo chenyewe kina ekari 13,500 hivi, lakini kimezungukwa na eneo la kinga la takriban ekari 125,000. Ndani ya kinga hiyo unaweza kumiliki ardhi, kukata mbao au kufuga, lakini huwezi kujenga nyumba ukalala. Injini tano za hatua ya kwanza ya Saturn V zilisukuma kwa nguvu ya kubeba tani zaidi ya 3,000. Sauti yake si kelele ya kuziba masikio tu, ni mtikisiko unaoweza kupasua vioo. Tena hali ya hewa ikiwa mbaya, pale hewa ya juu inapokuwa na joto kuliko ya chini, sauti hupinda na kurudi ardhini mbali kabisa na ilikotoka. Ndiyo maana kabla ya kuwasha injini kubwa watu hutazama hali ya hewa kwanza.

Sasa fikiria wewe ndiye mgeni pale, tuseme mwaka 1964. Wewe ni mhandisi kijana, umeacha mji wako wenye taa na sinema, umekuja kwenye kinamasi. Kazi ya kufyeka msitu ilianza Mei 1963, na wafyekaji walipambana na mbu, nyoka na matope. Kila unakopita unaona minara inainuka, na mfereji unachimbwa kutoka mtoni ili matishali yaingie. Matishali hayo hayabebi roketi tu, yanabeba pia oksijeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, na haidrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Wakati ule ni watu wachache sana duniani waliokuwa na uzoefu wa kushughulikia haidrojeni nyingi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, karibu kila mtu pale alikuwa mgeni, hata mwenyeji anayekukaribisha.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 23 Aprili 1966 kwenye jukwaa la A-2. Waliwasha S-II-T, yaani nakala ya majaribio ya hatua ya pili ya Saturn V. Haikujengwa iruke. Ilijengwa ili iwafundishe. Iliwaka kwa sekunde 15 tu, na sekunde hizo 15 zilitosha kusherehekewa.

Mwezi mmoja baadaye ikaja ile tarehe 28 Mei. Mafundi walikuwa wanatafuta mahali panapovuja haidrojeni. Katika kazi hiyo vihisi na swichi za kupima shinikizo la tangi la haidrojeni vilikuwa vimetenganishwa. Zamu ikabadilika. Zamu ya pili ikaingia, na hawakujua kwamba vimetenganishwa. Wakaanza kujaza tangi shinikizo. Wakaamini kwamba valvu ya kutolea gesi inavuja, kwa hiyo wakafunga njia ya pembeni. Shinikizo likapanda na hakuna kifaa kilichoweza kuwaambia. Tangi likapasuka na hatua nzima ikaharibika. Watu watano waliumia, kwa bahati majeraha madogo.

Soma tena polepole, msomaji. Hakuna mzembe katika hadithi hii. Waliotenganisha vihisi walikuwa na sababu. Waliojaza shinikizo walifuata mantiki: kama hulioni shinikizo, basi linatoka mahali. Hata mimi, na programu yangu ya ujumbe mfupi, nilifuata mantiki: kama imekwama, ianzishe upya. Kilichopasua tangi ni maneno machache ambayo hayakuvuka kutoka kwa zamu moja kwenda nyingine: "Vihisi tumevitenganisha."

Na mfanyakazi mpya ni nani kama si zamu ya pili? Tofauti ni kwamba zamu ya pili ya kawaida ilikuwepo jana na itakuwepo kesho, kwa hiyo walau inajua mambo ya juzi. Mgeni hakuwepo juzi wala mwaka jana. Kila kitu kilichozimwa, kilichofungwa kwa kamba kwa muda, kilichobandikwa karatasi inayosema "usiguse", kwake ni kitu kinachofanya kazi kama kinavyoonekana. Anaamini saa ya ukutani ambayo sisi wenyeji wote tunajua ilisimama.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri na maofisini tunaipenda, hasa ile sehemu ya jembe. Tunasahau kwamba mwenye shamba, akimpa mgeni jembe, humwambia pia: usilime pale kwenye kichuguu, kuna nyoka, na ile mistari mitatu ya kwanza tulishapanda. Bila maneno hayo jembe halimfanyi mgeni kuwa mwenyeji. Linamfanya kuwa hatari, kwake na kwa mihogo.

Turudi Mississippi. Ajali ile haikukizuia kituo. Hatua nyingine za pili zilifika kwa tishali, zikawashwa, zikaenda Florida. Machi 1967 wakawasha hatua ya kwanza kwenye jukwaa kubwa la B-2. Julai 1969 watu wakatembea mwezini. Na hapo mgeni wetu wa 1964 akajifunza somo lingine ambalo halikuwemo kwenye ukaribisho: ukiifanya kazi vizuri, inakwisha. Majaribio ya Saturn yalimalizika mwisho wa Oktoba 1970. Watu wengi walipoteza kazi na ilionekana kituo kitafungwa. Kisha Machi 1971 NASA ikatangaza kwamba injini kuu za vyombo vya shatili zitapimwa pale. Zikaanza kupimwa mwaka 1975, na jaribio la mwisho likafanyika Julai 2009. Kwa miaka yote hiyo kuna watu waliofika pale wakiwa wageni na kustaafu wakiwa wazee wa kituo.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha kuhusu injini hizo. Zinachoma haidrojeni na oksijeni, na vitu hivyo viwili vikiungana vinatoa maji. Kwa hiyo lile wingu kubwa jeupe unaloliona kwenye picha za jaribio si moshi, ni mvuke, sehemu yake ukitoka kwenye injini na sehemu kwenye maji yanayomwagwa ili moto usiyeyushe chuma cha kukinga miali. Maji hayo hutoka kwenye bwawa la galoni milioni 66, lililochimbwa kwa kazi hiyo.

Tarehe 16 Januari 2021 kituo kilijaribu hatua kuu ya roketi mpya ya SLS, yenye injini nne zilizowahi kuruka kwenye shatili. Mpango ulikuwa ziwake dakika nane. Tarakilishi ilizizima baada ya sekunde 67. Wengi walioangalia walisema, aa, imefeli. Kumbe injini hazikuwa na ubaya. Mipaka ya majaribio katika mfumo wa haidroliki wa injini moja ilikuwa imewekwa kwa makusudi iwe mikali, ili kuilinda roketi, kwa sababu hii haikuwa nakala kama S-II-T bali ndiyo yenyewe iliyotakiwa kuruka. Wakarekebisha na kurudia tarehe 18 Machi 2021. Ikawaka zaidi ya dakika nane. Tarehe 16 Novemba 2022 roketi hiyo hiyo ikaruka kuelekea mwezini, katika safari ya Artemis I, bila mtu ndani.

Linganisha tarehe mbili. Mwaka 1966 vifaa vya kusema "simama" vilikuwa vimetenganishwa na watu hawakujua. Mwaka 2021 kifaa kilisema "simama" mapema mno, wakaaibika kidogo, wakarudia. Mimi nikichagua nataka aibu ya 2021 kila siku. Roketi iliyozimwa mapema unaiwasha tena. Tangi lililopasuka huliwashi.

Hata majukwaa yana hadithi ambayo mgeni anapaswa kuambiwa. Ujenzi wa jukwaa la A-3 ulianza 2007 kwa ajili ya mpango wa roketi uliofutwa 2010. Hata hivyo ujenzi uliendelea mpaka 2014, ukagharimu dola milioni 349, kisha likafungwa bila kutumika. Mwaka 2022 kampuni ya Rocket Lab ikatangaza kwamba italitumia kupimia injini zake. Mgeni akiingia leo ataona mnara mkubwa unaofanya kazi. Asipoelezwa, hatajua kwamba ulisimama pale kwa miaka karibu minane ukilindwa tu.

Na jina je? Kituo kilipewa jina la Seneta Stennis mwaka 1988. Yeye ndiye aliyekipigania Washington, na bila yeye huenda kisingekuwepo. Ni yeye pia aliyetia saini mwaka 1956 tamko la wanasiasa wa kusini waliopinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Mambo yote mawili ni kweli. Mfanyakazi mweusi anayepita langoni na kusoma jina lile ana haki ya kuyajua yote mawili, na aliyemkaribisha asimwachie ayagundue peke yake.

Basi, nitamwambia nini mwenzetu Jumatatu?

Nitamwonyesha choo na mahali pa chai, hiyo ni heshima. Kisha nitachukua kiti nikae naye, na badala ya kumpa mchoro mzuri wa mfumo wetu jinsi unavyopaswa kuwa, nitamweleza jinsi ulivyo. Nitamwambia ni ukaguzi gani tumeuzima, nani aliuzima na kwa nini. Nitamwonyesha ile seva ambayo jina lake linasema ni ya majaribio lakini wateja halisi wanaitumia. Nitamwambia kuhusu makosa yangu mawili makubwa, kwa tarehe, ili ajue kwamba hapa kosa linasimuliwa. Nitamwambia pia nani alifanya kazi hii kabla yetu, na nani aliondoka ili sisi tupate nafasi. Maana hata sisi tunalima shamba ambalo mtu mwingine alilifyeka.

Kisha nitamwomba kitu kimoja. Kwa wiki mbili za kwanza, kila akiona jambo lisilomwingia akilini, aliandike kabla hajalizoea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeshazoea saa iliyosimama, hatuioni tena. Yeye ataiona.

Jana usiku nilianza kuandika orodha ya vitu tulivyozima "kwa muda." Nilidhani vitakuwa vitatu au vinne. Nimefika kumi na tisa, na viwili nimelazimika kumpigia simu mtu aliyeacha kazi kitambo ili aniambie ni vya nini. Kimoja hata yeye hakumbuki. Hicho nitakiwasha leo mchana, wenzangu wote wakiwa macho na chai ikiwa karibu.

Na wewe msomaji, siku yako ya kwanza kazini uliambiwa nini? Na kitu gani hawakukuambia? Tuonane tena siku nyingine, Mungu akipenda.